Inatembea, Madamu

Alikuwa na desturi ya kulaza shavu juu ya mashine. Wateja wengine hubonyeza vitufe, huuliza bei mara tatu, hupiga simu kwa shemeji aliyeko Kigali anayejidai kuzijua kompyuta. Yeye aliigeuza laptop kifudifudi juu ya kaunta yangu, akainama, akaweka shavu kwenye bati la chini kama mama anayepima homa ya mtoto, akafumba macho. Kisha aliinuka na kusema, "Hii iko na joto ya bure," au, "Hii inapumua muzuri." Mara nyingi alipatia, na mimi mwenye duka ndiye niliyekuwa nimekosea. Jambo hilo liliniudhi sana.

Sote tulimwita Madamu. Huku kwetu kila mwalimu wa kike ni Madamu, lakini ukilitaja jina hilo sokoni Kamembe bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yupi. Ni yule wa jiografia, mwenye begi la turubai na fulashi tatu za kuhifadhia video alizozifunga kwa kamba ya kiatu na kuzining'iniza shingoni. Msalaba alikuwa nao pia, ila ulikaa ndani ya nguo, na fulashi zilikaa nje. Nilipomtania kuhusu hilo alinijibu kwamba Mungu anajua ulipo bila kuonyeshwa, lakini wanafunzi wake lazima waone.

Kuonyesha ndiko kulikuwa dini yake ya pili. Hakuweza kufundisha mto bila kwenda kuupiga video. Aliteremka hadi mashamba ya mpunga kule Muganza na simu yake, akarudi na matope magotini, akakaa na kukata vipande hadi maji ya mfereji yawe somo la dakika sita. Binti yangu Aziza, anayesoma kwake, aliniambia kwamba somo la Madamu lilipokuwa likionyeshwa ukutani hata wale wakorofi walisahau kutupiana karatasi. Mimi nilisoma jiografia kwa kunakili ubaoni na sikumbuki hata mto mmoja.

Na Jumamosi mwanamke huyohuyo mkali, aliyewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa sababu ya kifungo kimoja, alikuwa akipiga video za harusi. Alizipenda mno. Alikata kila mlevi aliyepita mbele ya kamera, akamkata mjomba anayehutubia nusu saa, akaacha bibi harusi tu, na wakati wa kuziunganisha alilia. Nimemwona kwa macho yangu, dukani kwangu, akiangalia harusi ya watu asiowajua huku akijifuta pua kwa kitambaa cha kusafishia skrini. Nilimwambia, "Madamu, hicho ni cha kazi." Akanijibu, "Na hii ni kazi."

Lazima nieleze neno moja, maana mambo yote yamekwama hapo. Huku kwetu kitu kizima hatusemi kwamba kinafanya kazi. Tunasema kinatembea. Redio inatembea, simu inatembea, biashara inatembea, na mtu akikuuliza habari za nyumbani unaweza kumjibu kwamba zinatembea, akaridhika. Mteja anayetaka laptop ya okazioni, yaani iliyokwisha tumika, huishika mkononi na kuniuliza, "Inatembea?" Nami namjibu, "Inatembea." Neno hilo limenilisha miaka mingi.

Madamu hakulipenda hata kidogo.

"Inatembea kutoka wapi mupaka wapi, Fundi?" aliniuliza siku ya kwanza kabisa aliyoingia dukani. "Kitu yenye kutembea iko na mahali ilitoka na mahali inaenda. Miye nafundisha jiografia, usinidanganye."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa walimu.

Shule yake iko mlimani, nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini, na imejengwa juu ya ngazi iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kama nyumba nyingi za kwetu. Ukitaka kiwanja lazima uukate mlima. Nyuma ya darasa la mwisho, ndilo darasa la Aziza, ukuta wa udongo mwekundu unapanda kupita paa. Juu ya ukuta kuna migomba. Juu ya migomba kuna ufa.

Madamu aliuona alipowapandisha wanafunzi kuchora ramani. Wakati huo ulikuwa mwembamba, wa kuingiza kidole. Wenzake walimwambia kwamba ardhi hupasuka wakati wa jua na hujifunga wakati wa mvua, yaishe. Yeye alipigilia vijiti kumi na viwili, sita juu ya ufa na sita chini yake, akavipaka rangi nyekundu kwenye ncha. Halafu akatafuta nguzo ya uzio iliyo pembeni ya uwanja, ambapo unaona paa la darasa, ukuta wa udongo na vijiti vyote kwa pamoja, akachonga pengo la kuegemeza simu yake. Kila siku ya masomo, saa nne, kengele ya mapumziko inapolia, alirekodi sekunde chache na kuondoka. Siku dada yake alipofariki alipitia shuleni kwanza, akarekodi, ndipo akaenda msibani. Watu walimsema vibaya kwa hilo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Alipokuja kutafuta laptop alinieleza sababu bila kuzungukazunguka. Alikuwa na vipande vya mwaka mzima na simu yake haikuweza kuviunganisha. Ile kompyuta ya zamani ya shule iliganda hata kwa harusi ya nusu saa.

"Bantu habaogope ufa," alisema, maana huku kwetu watu ni bantu. "Ukibaonyesha ufa, banaona ufa inalala. Miye nataka nibaonyeshe mwaka muzima kwa dakika moja, ku ukuta, baione vile inaamuka."

Alikaa dukani asubuhi tatu mfululizo. Mpya hakuiweza kwa mshahara wa ualimu, kwa hiyo tulitafuta kwenye okazioni, na nakiri kwamba sijawahi kuhojiwa vile hata na askari wa mpakani. Alitaka tundu la kuchomekea projekta bila waya wa kubabaisha. Alitaka betri ya kuvuka vipindi viwili, maana umeme wa kule huondoka na mvua. Alitaka vitufe vya Kifaransa, vile alivyozoea tangu alipokuwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Alitaka diski ya haraka na ram ya giga kumi na sita, kwa sababu, alisema, kukata video si kuandika barua ya posho. Nilimpa moja nyembamba inayong'aa, ile ambayo vijana wote huipenda. Aliweka fulashi yake, akaianzishia kazi ya kuunganisha harusi, akaweka shavu. "Hii ni ya kupiga nayo picha, haiko ya kufanya kazi." Nikampa nyingine yenye betri nzuri, ikaganda kabla bibi harusi hajafika kanisani.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene, yenye sura mbaya, iliyotoka kwenye ofisi fulani ikiwa imechubuka pembe zote, lakini ndani ilikuwa na kadi yake ya picha, ile inayobeba kazi ya video. Ilikuwa mashine aliyoihitaji, hilo sikumdanganya. Ilikuwa na kasoro moja tu, nami nilikuwa naijua.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Feni ikichoka hulia, na feni ya mashine ile ilikuwa inalia. Fundi wa kweli anaibadilisha. Mimi sikuwa nayo nyingine, kuiagiza Kigali kulitaka kungoja, na sikutaka Madamu apate nafasi ya kuingia duka la jirani. Jioni ya siku ya pili, alipokwisha ondoka, niliifungua nikadondoshea tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kimhimili chake. Ikanyamaza. Sisi mafundi tunaujua ujanja huo. Feni inanyamaza miezi mitatu, pengine minne, mafuta yanakauka, vumbi linaganda, kisha inasimama kabisa. Kufikia hapo mteja anaona ni uzee tu.

Asubuhi ya tatu alilaza shavu lake juu ya ile nyeusi, harusi nzima ikiunganishwa, akakaa hapo muda mrefu. Akatabasamu. "Inapumua muzuri," alisema. Halafu, kwa kunichokoza, akalitumia neno langu kwa mara ya kwanza. "Fundi, inatembea?"

"Inatembea, Madamu."

Tangu hapo mambo yalikwenda taratibu, na utaratibu huo ndio unaonitia hofu nikiufikiria. Mvua za kwanza zilishuka. Alinitumia ujumbe kwamba mashine inazimika katikati ya kazi. Nikamjibu aweke kitabu chini yake ipate hewa. Akaandika tena kwamba sasa anaiweka juu ya sufuria ya maji baridi na anaunganisha sekunde kumikumi. Nikamjibu ailete. Nilijua hataileta, kwa kuwa kuiacha dukani ni kuiacha filamu, na nilifurahi kwamba hakuileta. Ningelazimika kuifungua mbele ya macho yake.

Wakati huohuo alikwenda kwa mkuu wa shule, ambaye wote tunamwita Direkta. Direkta si mtu mbaya. Ni mtu wa cheko kubwa, anayejua jina la kila mtoto na la mama yake. Madamu alisimama kwenye kikao cha walimu akasema kama tunavyosema sote, maana kwa Kiswahili chetu mlima na mashine hubeba kitenzi kilekile.

"Direkta, ile mulima inatembea."

"Tumushukuru Mungu!" alisema Direkta. "Kumbe hapa kila kitu inatembea!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Madamu alijaribu kusema "inasogea," akajaribu "inashuka," lakini kicheko kilikuwa kimeshapita mlangoni na kwenda zake. Tangu siku ile ikawa salamu ya shule. Mwalimu akikutana na mwenzake asubuhi humwuliza, "Mulima?" na mwenzake hujibu, "Inatembea!" Aziza alinisimulia mezani, tukacheka sote, mimi zaidi ya wengine.

Kisha Aziza akaniambia jambo jingine, akalisema kama kichekesho kile kile. Madamu alikuwa amekataza madawati ya nyuma. Watoto walibanana wannewanne mbele, na safu mbili zinazogusa ukuta wa mlima zilibaki tupu, hata mikoba hairuhusiwi. Mlango wa darasa haukufungwa, hata mvua ilipopiga ndani. Alikuwa ameomba chumba kingine na hakikuwepo. "Madamu anazeeka," alisema Aziza. Mimi sikucheka safari hiyo.

Mkutano wa wazazi ulikuwa Jumamosi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga vifua. Madamu alikuwa ametundika shuka nyeupe ukutani, ameunganisha projekta, na ile mashine nyeusi ilikuwa mezani juu ya vitabu viwili. Hakuhutubia. Alisema, "Bazazi, muangalie tu vile vijiti vya rouge," yaani vyekundu, akabonyeza.

Tuliona jua, tukaona mawingu yakikimbia, tukaona watoto wakipita chini kama sisimizi. Vijiti vilikuwa vimesimama wima. Mahali fulani kwenye sekunde ya kumi niliona kimoja kikianza kusogea, na papo hapo nilisikia feni ikilia. Nilikuwa dawati la tatu na nadhani niliisikia kabla ya mtu yeyote. Ilikwaruza, ikakwaruza, ikanyamaza. Shuka ikawa nyeupe.

Aliiwasha tena. Ilifika sekunde ya nne. Mara ya tatu haikuwaka kabisa.

Direkta alisimama kwa huruma, nasema kweli ilikuwa huruma. "Madamu amechoka, ametufanyia kazi kubwa, tumupigie makofi. Mashini imekataa kutembea, lakini ile mulima yake..."

"Inatembea!" waliitikia wazazi wote, wakicheka, wakipiga makofi. Nami nilipiga.

Madamu hakumtazama Direkta. Aliinama mbele ya watu wote, akalaza shavu juu ya ile mashine iliyokufa, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yananitazama mimi.

Sikulala vizuri siku zile. Niliagiza feni Kigali siku ya pili yake bila mtu kuniomba, na ilipofika nilichukua pikipiki hadi shuleni na bisibisi zangu. Ilikuwa asubuhi, kipindi ambacho hakuwa na darasa. Watoto walikuwa uwanjani kwa michezo. Nilimkuta peke yake katika chumba cha mwisho, safu mbili tupu nyuma yake na doa la maji ukutani lenye ukubwa wa godoro. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alisogeza tu mashine mbele yangu.

Nilifungua skrubu, nikatoa feni ya zamani, nikaifumbata kwenye kiganja, nikaweka mpya. Nilipomaliza alinyoosha mkono. Nikajifanya sielewi. Akabaki amenyoosha mkono kama anavyofanya kwa mtoto mwenye pipi mdomoni, nami, mtu mzima mwenye watoto wanne, nikafumbua kiganja. Aliichukua feni, akapitisha kidole kwenye kimhimili, akakisugua kidole kwa dole gumba, akanusa.

"Mafuta ya cherehani," alisema. "Maman yangu alikuwa anashona."

Niliomba msamaha. Nilisema maneno mengi sana, hata sikumbuki. Aliwasha mashine, akaielekeza kwangu, akabonyeza.

Ilikuwa dakika moja. Sitaisahau. Mwanzoni huoni kitu, unaona hali ya hewa tu. Kisha vile vijiti sita vya chini vinaanza kuwaacha wenzao. Havidondoki. Vinaondoka pamoja, vikiwa vimesimama, na migomba inaondoka navyo, na ukuta wa udongo unajaa katikati kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Paa la darasa limetulia pale pale. Ni mlima unaolijia, na hauna haraka. Kwenye sekunde za mwisho ncha nyekundu zimezama nyuma ya paa, hazionekani tena.

"Sasa ufa inaingiza muguu," alisema Madamu. "Muguu yangu, siyo ya mutoto." Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Inatembea?"

Sikujua anauliza mashine au mlima. Jibu lilikuwa moja.

"Inatembea, Madamu."

"Basi, ubaambie. Miye bananicheka. Weye banakuamini, kila muzazi wa hapa iko na telefone yenye ulitengeneza. Ubaambie ile siku mashini ilizima juu ya nini. Kama banajua ni feni yako, batakuja kuangalia tena."

"Nitawaambia," nilisema.

Alinirudishia ile feni mbovu. "Ubaonyeshe."

Kengele ya mapumziko ililia. Alichukua simu yake akatoka kwenda kwenye nguzo ya uzio. Nami nikatoka. Mlango wa Direkta ulikuwa wazi, hatua ishirini tu. Alikuwa anajimiminia chai, akanipungia mkono, akacheka. Nilifikiri juu ya duka langu, na wazazi mia wakiambizana sokoni kwamba feni za yule fundi zimepakwa mafuta. Nikampungia na mimi. Kisha nikamwona Aziza na wenzake karibu na bomba la maji. Nilimshika mkono, nikamwambia mwalimu wa zamu kwamba bibi yake anaumwa, nikaondoka naye. Bibi yake haumwi.

Siku nane zimepita. Aziza yuko nyumbani. Ameacha kuuliza habari za bibi. Sasa anauliza neno moja tu, kila siku wakati wa chakula. "Na benzangu, Papa?"

Leo asubuhi nilipofungua duka nilikuta Madamu amenitumia video. Ni ile ile, imeongezwa sekunde chache. Mwishoni kabisa, chini ya ukuta uliovimba, anapita mwanamume mwenye begi la vifaa akimvuta msichana wa sare. Msichana amegeuza kichwa anawatazama wenzake. Mwanamume anatazama viatu vyake. Chini ya video ameandika neno moja na alama ya kuuliza. Mnalijua neno lenyewe.

Ninaandika haya kwenye kaunta, nikingoja mvua ipungue. Haipungui. Nikisoma nyuma naona nimeandika "alikuwa" tangu mstari wa kwanza, kama kwamba hayupo. Yupo. Leo ni siku ya masomo, na saa hizi yuko katika chumba kile na darasa zima, amewabana mbele, mlango umefunguliwa.

Nimeitia feni mfukoni na ninashusha mlango wa duka. Nimempigia Direkta mara tatu awatoe watoto, simu yake haipatikani. Nimewauliza wenye pikipiki wote wa pale kona. Wamekataa kupanda kwenye matope yale. Basi nakwenda kwa miguu.